Mzazi anasema ako sawa: venye utajua anahitaji msaada nyumbani, na shida yenyewe iko wapi

Wengi wetu tunafanya kazi Nakuru, Kisumu, Eldoret ama Nairobi na wazazi wamebaki nyumbani, Vihiga, Siaya, Busia, Bungoma huko, na mawasiliano ni simu ya Jumapili jioni. "Habari ya huko mama?" "Nzuri tu, sisi tuko, mvua imenyesha." Ukiuliza afya anakwambia ni mguu tu unauma kidogo, halafu anageuza story anakuuliza kama watoto wamefungua shule. Hiyo simu haikwambii kitu. Mzazi wa huku hawezi kukuambia ameshindwa kuchota maji, kwanza anajua uko na karo, pili anaogopa utamtoa kwake, tatu hata yeye mwenyewe hajakubali.

Halafu kuna upande wa pili. Disemba inafika, mnaenda ocha, mnapata mama amekonda na nyumba inanuka, kikao kinaitwa usiku huohuo na kufikia asubuhi imeshaamuliwa: atafutiwe msichana wa kazi, ama apelekwe mjini kwa firstborn. Hakuna mtu ameuliza amekonda kwa nini. Msichana wa kazi hang'oi meno, na kama ni dawa ya sukari ndiyo inamwangusha basi huyo msichana atakuwa tu shahidi. Fundi wa pikipiki mwenye akili hafungui injini kabla hajatoa plagi akaiangalia, kwa hivyo twende dalili moja moja, na kila dalili tuanze na chanzo chenye kinaweza kurekebishwa wiki hii, ile ya "ni uzee tu" tuiache hadi mwisho kabisa.

Na kabla ya yote, usimlinganishe na mzee wa jirani mwenye ako na miaka 90 na bado analima. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Kama mama hajawahi kuwa mtu wa kupanga vyombo, vyombo vikiwa ovyo haimaanishi kitu. Lakini mama mwenye alikuwa anafagia boma kabla jua litoke na sasa majani yamejaa mpaka mlangoni, hiyo ni habari.

Imeanza ghafla ama imekuja polepole?

Hili ndilo swali la kwanza, hata kabla ya dalili yenyewe.

Mtu alikuwa sawa Jumatatu, kufika Alhamisi anaongea vitu hazieleweki, anaita watu waliokufa, hajui ako wapi, ama amelala tu hataki kuamka. Huo si uzee. Na si dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, dimenshia haingii kwa siku tatu. Hiyo ni hospitali leo. Mara nyingi ni maambukizi, ya mkojo ama nimonia, ama ni malaria (ukanda wa ziwa malaria haina msimu wa kupumzika), ama sukari imeshuka, ama ameharisha akaishiwa na maji mwilini, ama ameanzishiwa dawa mpya, ama alianguka akagonga kichwa na hakumwambia mtu. Mtego uko hapa: mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili wake usipate joto, asikohoe sana, asiseme mkojo unamchoma. Kuchanganyikiwa ndiyo dalili yenyewe. Kwa hivyo usimguse paji la uso ukasema "hana homa" mkarudi kulala.

Kama ako na sukari mpimeni hapohapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida ama maji yenye vijiko vitatu vya sukari, mpime tena baada ya dakika 15. Kama hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, kimbia naye. Na uso ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukalegea, ama maneno yakaanza kuburuta, hiyo ni stroke, yaani kiharusi, angalia saa dalili zilianza kwa sababu daktari ataiuliza, na usingoje uone kama itaisha asubuhi. Watu wa Kisumu wanaenda hospitali ya Jaramogi, yenye wazee bado wanaita Russia, wa Nakuru wana hospitali yao kubwa ya kaunti, lakini kama kuna kituo karibu chenye kinaweza kuanza kumsaidia na kutoa rufaa, anzia hapo.

Najua kwa familia nyingi mtu akianza kuongea peke yake usiku, neno la kwanza ni amerogwa, na la pili ni aletewe wa kumwombea. Sina shida na maombi. Muombe mkiwa ndani ya gari mkielekea hospitali.

Yenye imekuja polepole, miezi sita, mwaka, hiyo ndiyo sasa tunaweza kukaa chini tuichambue.

Anashika ukuta akitembea, ama ameanguka

Wazee hawasemi wameanguka. Utaona kovu kwa muundi, ama mkono ameufunga leso anakwambia "nilijigonga tu". Angalia ukuta wa sebuleni na wa korido: kama kuna laini ya weusi imejichora kwa urefu wa mkono, kutoka chumba cha kulala mpaka mlangoni, jua anajishikilia kila siku na imekuwa muda.

Usiulize kama anaanguka. Uliza ni saa ngapi na akiwa anafanya nini, kwa sababu hapo ndipo chanzo kinajitoa.

Kama ni akiinuka kitandani ama kwa kiti, kichwa kinazunguka, macho yanaingia giza, hiyo mara nyingi ni presha inashuka akisimama, na anayeishusha mara nyingi ni dawa ya presha. Hii unaweza kuipima mwenyewe. Alale dakika tano, mpime, asimame, mpime tena ndani ya dakika tatu. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 ama zaidi, andika hizo namba uzipeleke kliniki, watapunguza ama wabadilishe dawa. Usimkatie dawa wewe mwenyewe, tafadhali, presha ikiachwa itakuletea ile stroke tumesema hapo juu. Wakati mnangoja kliniki akae ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kuinuka na anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama ni mgonjwa wa moyo ama figo na ameambiwa apunguze maji.

Kama ni usiku, shida ni choo. Boma nyingi za huku choo kiko nyuma ya migomba, mvua imenyesha, njia ni utelezi, tochi ya simu imeisha chaji, na ameamka mara tatu. Hapa hakuna hata haja ya daktari kwanza: ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba, taa ya sola yenye inawaka usiku kucha, kokoto ama mawe bapa kwa njia, na mti wa kushika pale chooni umefungwa imara ukutani. Fundi wa kijijini anamaliza hiyo kazi kwa siku moja. Halafu ndiyo uulize kwa nini anaamka mara tatu, kwa sababu kwa mzee mwanaume inaweza kuwa tezi dume, kwa yeyote inaweza kuwa sukari iko juu, ama anakunywa dawa ya kukojolesha jioni na ilifaa kuwa asubuhi.

Kama ni kwa ngazi, ama anakanyaga kuku, ama akimimina chai inamwagika nje ya kikombe, angalia macho. Mtoto wa jicho ni kitu ya operesheni fupi na mtu anarudi nyumbani anaona. Hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga hiyo ndiyo kazi yao na watu wanatoka mbali kuja. Mimi naona aibu sana kwa familia yenye imeajiri mtu wa kumshika mzee mkono miaka minne na hakuna siku mtu alimulika jicho lake na tochi aone ule weupe.

Ganzi ya miguu, anasema ni kama anakanyaga sponji, mara nyingi inatoka kwa sukari, na kuna wengine wametumia metformin, dawa ya sukari, miaka mingi mpaka vitamini B12 imeshuka, iyo inapimwa na inatibiwa. Kama hatua zimekuwa fupifupi, anaburuta miguu, mkono mmoja unatetemeka akiwa ametulia, omba apimwe Parkinson, ugonjwa wa ubongo wenye unaharibu mwendo.

Na wa upande wa Molo na Njoro, kwenye kuna baridi, kama kizunguzungu na kichwa kuuma zinakuja asubuhi ama usiku akiwa amefunga madirisha na jiko la makaa liko ndani, toa jiko nje leo. Moshi wake mbaya hauonekani na haunuki.

Mwaga mfuko wa dawa juu ya meza

Ukienda nyumbani na uko na saa moja tu, fanya hii. Mwambie alete dawa zote, zile za kabati, za chini ya mto, za ndani ya kikombe kwa rafu, zote. Utapata ule mfuko wa plastiki umekunjwa mara tano, ndani kuna vidonge vya rangi rangi vimetolewa kwa karatasi vikachanganyika, maandishi ya bahasha yamefutika, na paketi mbili zenye majina tofauti kumbe ni dawa moja, moja alipewa dispensari na nyingine akanunua duka la dawa sokoni, na anakunywa zote mbili.

Hesabu. Kama alipewa za siku 30 mwezi umeisha na amebakisha 19, hanywi. Kama zimeisha siku ya 15, anakunywa mara mbili, anasahau kama alikunywa.

Halafu muulize pole pole, bila sauti ya polisi.

"Mama, hii ya kukojolesha unakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi, mwanangu, venye daktari alisema."

"Kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili, si unajua kanisa ni mbali na choo chao ni kile. Na Jumatano ya chama. Na nikienda soko."

Sasa hapo unaelewa kwa nini miguu imevimba na presha haishuki, na unaelewa pia mama hajasahau chochote, amepanga mambo yake vizuri tu. Kumletea mtu wa kumkumbusha dawa haitasaidia. Chenye kitasaidia ni kumuuliza mtu wa kliniki kama siku ya safari anaweza kuinywa akirudi mchana. Kwa njia, hiyo kuvimba miguu inaweza pia kutoka kwa amlodipine, dawa ya presha, ni kawaida yake, kwa hivyo usikimbilie kusema ni figo, lakini ikija na kukosa pumzi akilala mpeleke.

Kuna dawa zingine za kuangalia kwa huo mfuko. Piriton, yenye kila nyumba iko nayo, kwa mzee inalewesha, inachanganya akili na inazuia mkojo, na kuna wazee wanaimeza kila usiku ndiyo walale. Brufen na diclofenac za mgongo na magoti, akizitumia kila siku zinapandisha presha, zinachoma tumbo na zinaharibu figo. Na glibenclamide ya sukari kwa mtu mwenye anakula mara moja kwa siku ni hatari, inashusha sukari na chakula hakipo. Hizo piga picha na simu umwonyeshe daktari, usianze kuzitupa kwa moto mbele yake. Na dawa za mitishamba ziulize pia, bila kucheka, kwa sababu ukicheka hatakuonyesha.

Amekonda

Pima. Kanga inafunika vitu vingi. Mtu wa kilo 60 akipoteza 3 kwa miezi sita hivi bila kujaribu, hiyo tayari inatosha kumpeleka. Kama hakuna mzani angalia mshipi umetobolewa shimo jipya, ama saa inazunguka kwa mkono.

Kisha ingia jikoni wakati hayuko. Unga una wadudu, omena imeshika ukungu, sufuria zimeungua matako, majivu ya jiko ni ya zamani. Kama jiko halijawashwa siku kadhaa mtu anaishi kwa chai na mkate.

Chanzo cha bei rahisi ni meno. Mtu mwenye meno mawili yanauma hawezi mahindi ya kuchemsha na hawezi nyama, atakwambia "sina hamu". Mpikie ugali laini na mrenda, ama uji wa wimbi na maziwa, uone kama hamu imerudi. Ikirudi, umemaliza, tafuta daktari wa meno. Chanzo kingine ni kuni na maji: chakula kiko, nguvu ya kukipika ndiyo haiko, na hapo ndipo mtu wa kusaidia anafaa kweli, hata wa masaa mawili kwa siku. Kingine ni upweke, mzee wa kiume mwenye bibi yake alikufa na hajawahi kusonga ugali maisha yake yote, huyo usimwambie ajifunze saa hii. Tena kuna mama anapika vizuri lakini wajukuu ni sita na sahani yake ni ile inabaki.

Kama anakula na bado anakonda, usikae. Sukari, TB, HIV (ndiyo, hata kwa mtu wa 75, na hawapimwi kwa sababu tunaona aibu kuuliza), tezi ya shingo, saratani. Chakula kikikwama kikishuka, kwanza vitu ngumu halafu hata uji, iyo usiiweke hata wiki, saratani ya koo la chakula huku kwetu na Bonde la Ufa si kitu cha ajabu.

Anasahau

Kusahau jina la mjukuu wa kumi na mbili ni kawaida, hata mimi nasahau. Kusahau miwani iko wapi ni kawaida. Kurudia swali lilelile mara nne kwa chai moja, kupotea njia ya kutoka soko lenye ameenda miaka 40, kuweka pesa kwa debe la unga halafu kusema jirani ameiba, hizo si kawaida.

Lakini kabla ya kusema dimenshia, masikio. Mtu asiyesikia anajibu vitu haviendani na swali, na watu wanasema amechanganyikiwa. Simama nyuma yake uongee kawaida, halafu simama mbele aone mdomo, uone tofauti. Wakati mwingine ni nta tu imejaa, kliniki wanaitoa. Pili, huzuni. Mtu aliyefiwa anaacha kufuatilia mambo, anaonekana amesahau kumbe hajali tena. Tatu, zile dawa, na pombe pia, chang'aa ya mzee haionekani kwa sababu anakunywa kwake kimya. Nne, damu: tezi ya shingo na B12 zinaweza kupimwa.

Kama hizo zote hazipo, mwambie akutengenezee chai. Usimsaidie, kaa hapo uongee mambo ya kawaida. Chai ni kazi yenye hatua nyingi: kuwasha, maji, maziwa, majani, sukari, kuzima. Mtu mwenye akili iko sawa lakini mikono imechoka atafanya pole pole, atapumzika, atamaliza. Mwenye shida ya akili utaona amesimama na kibiriti mkononi hajui kinachofuata, ama ameweka maziwa mara mbili, ama amemaliza na moto wa gesi unawaka bila sufuria. Ukiona hiyo ya gesi, hapo hakuna mjadala tena wa kuishi peke yake, kuna mtu anafaa kulala hapo kuanzia usiku huo, na mtungi ufungwe akiwa peke yake.

Na muanze mambo ya pesa mapema. Mzee akianza kusahau, watu wa shamba wananusa. Utasikia kuna mtu alileta karatasi akaweka kidole. Title deed iwekwe mahali ndugu wote wanajua, na wote nasema wote, maana vita vingi vya boma vinaanzia kwa yule mmoja aliyesema "nimewawekea". Angalia M-Pesa pia: kama PIN inajulikana na kijana wa dukani, mjukuu na mtu wa boda, ile 2,000 ya Inua Jamii, pesa ya serikali ya kila mwezi, yenye wazee wa 70 kuendelea walioandikishwa wanapata, haimfikii. Mzazi hana chakula na nyinyi mnatuma kila wiki? Omba statement kabla hujamlaumu.

Haogi, nguo zinanuka

Hapa watu wanaona aibu kwa hivyo nitasema waziwazi. Mara nyingi si uchafu. Ndoo ya maji imekuwa nzito. Bafu ni mabati nje na sakafu inateleza na tayari alianguka hapo mara moja. Mkojo unamtoka na anaficha nguo chini ya kitanda. Ama hawezi kuinama kujipangusa miguu. Kila moja ina dawa yake: jagi badala ya ndoo, kiti cha plastiki ndani ya bafu, sabuni imefungwa kwa kamba isidondoke, na huo mkojo upimwe, kwa sababu mkojo kumtoka mtu si sheria ya uzee, kuna maambukizi, kuna tezi dume, hata choo kigumu cha siku nyingi kinaweza kuleta.

Akihitaji kuoshwa sasa, hapo ndipo mila inaingia na usijifanye haiko. Kwa nyumba nyingi za Waluhya na Wajaluo mkaza mwana hawezi kumwogesha baba mkwe, kijana hawezi kumwona mama yake hivyo, na mama kulala kwa nyumba ya binti aliyeolewa ni mambo ya kuita wazee. Nimeona familia inapanga kumhamishia mzee kwa kijana wake Kisumu, nyumba ya vyumba viwili, kuta ni karatasi, na wanashangaa kwa nini amekataa kula. Hajakataa kula, anajizuia kwenda choo cha mkwe wake. Wajukuu ndio huru, nyanya na mjukuu wanataniana wanaitana bibi na bwana, kwa hivyo mjukuu mkubwa wa jinsia inayofaa anaweza kufanya kazi yenye nyinyi wote hamuwezi. Ama mtu wa nje kabisa, wa kulipwa, asiye na ukoo. Muulize yeye mwenyewe anataka nani, jibu lake kwa hili lina uzito kuliko la firstborn.

Ameacha kanisa na chama

Fupi tu: masikio, choo, viatu haviingii miguu imevimba, hana kitu cha sadaka, ama kufiwa. Muulize rafiki yake wa chama, atakwambia ukweli kwa dakika mbili. Lakini akisema maneno kama "mimi nangoja tu kuondoka", usicheke nalo, ukae naye, umuulize wazi kama anafikiria kujiua, na umpeleke aonwe.

Sasa umeshajua chanzo, msaada ni upi

Kitu cha kwanza ni bure. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, wale wenye tangu 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Muombe awe anapita kwa mzee, mpeane namba, umwambie ni nini hasa unataka aangalie, siyo "tuangalilie mama" bali "angalia kama ameinywa ile nyeupe na kama miguu imevimba". SHA pia, bima ya afya ya serikali, iliingia mahali pa NHIF Oktoba 2024: muandikishe kwa *147#, na mlipe ile michango, asiye na mshahara anapimwa hali yake na cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, inalipwa ya mwaka mzima. Fanyeni kabla ya ugonjwa, si mkiwa mmekaa kwa benchi ya casualty mnaanza kuulizana nani ako na kitambulisho chake.

Kama shida ni kazi nzito tu, leteni mtu wa kuni na maji, hahitaji kulala hapo. Kama ni dawa na chakula, mtu wa mchana. Kuanguka usiku, kupotea, ama gesi, mtu wa kulala. Msiruke hatua, mzee mwenye akili timamu ukimletea mlinzi wa saa 24 unamwondolea hata ile nguvu alikuwa nayo.

Atakataa, hiyo jua. Usimwambie analetewa wa kumwangalia. Mama mmoja aliwarudisha wasichana wote mpaka siku aliambiwa huyu mpya ni wa kuku, kuku zimekuwa nyingi, na amfundishe. Akamfundisha kuku, akamfundisha kupika mrenda, na baada ya muda ndiye huyo huyo alikuwa anamletea maji ya kuoga.

Wiki ya kwanza mmoja wenu awe hapo nyumbani. Na mshahara utoke kwa mtu mmoja, tarehe moja, kwa M-Pesa, ndugu wengine wachange kwake, kwa sababu msichana akikaa mwezi mmoja na nusu bila kulipwa mtu wa kwanza kumdai ni mama, na mama atauza kuku amlipe na hatawaambia.